Maharage ya kopo jioni ukiwa umechoka: mchuzi, kukaanga, kuponda au supu?

Maharage ya kopo hayapikwi, yanaungwa tu. Kiwandani hutiwa kwenye kopo pamoja na maji, kopo likazibwa, kisha likapikwa likiwa limefungwa kwa mvuke wenye shinikizo, kwenye joto la nyuzi 121 hivi za Selsiasi. Unapofungua, yameshaiva hadi ndani. Anayeyachemsha saa nzima kama maharage makavu anaishia na rojo lisilo mchuzi wala uji, halafu analilaumu kopo.

Kwa kuwa kuiva si tatizo, swali la kwanza jioni ni hili: yale maji mazito ya kopo yanakwenda wapi? Ukilijibu hilo, chakula kimeshajichagua. Ukiyatumia nusu unapata mchuzi. Ukiyamwaga yote na kuyakausha maharage, utakaanga. Ukiyabakiza yote, utaponda. Ukifungua makopo mawili na kubakiza maji ya moja, utapika supu.

| | Mchuzi wa nyanya | Kukaanga makavu | Kuponda | Supu |
|---|---|---|---|---|
| Muda | dakika 30 | dakika 20 | dakika 15 | dakika 30 |
| Maji ya kopo | nusu | mwaga yote | yote, kama hayana chumvi nyingi | ya kopo moja kati ya mawili |
| Maharage yanayofaa zaidi | mekundu | meusi, mekundu madogo | meupe | aina yoyote |
| Umakini jikoni | mwanzoni | muda wote | dakika 5 za mwisho | mdogo |
| Kesho yake | matamu zaidi | yamelainika | yameganda, yanazimuliwa | nzuri |

Vipimo vyote hapa ni vya kopo la gramu 400. Ukichuja, maharage yenyewe hubaki kama gramu 240, yaani kikombe kimoja na nusu. Yanatosha watu wawili kama kuna wali au mkate pembeni, na mtu mmoja mwenye njaa kama hakuna.

Maji ya kopo yana nini

Mna maji, chumvi, na wanga na protini zilizotoka kwenye maharage yalipokuwa yakipikwa. Huo wanga ndio unaoyafanya yavutike kama ute, na ndio huo huo unaoufanya mchuzi uwe mzito bila unga. Makopo mengi huwa pia na kloridi ya kalisi (calcium chloride), ambayo huimarisha maganda yasipasuke. Ukiiona kwenye lebo, tegemea maharage yatakayobaki imara hata ukiyakoroga ovyo. Hilo linasaidia mchuzi, lakini linasumbua anayetaka kuponda.

Soma pia kiasi cha chumvi. Kuchuja na kusuuza kwa maji baridi hupunguza chumvi kwa takriban theluthi moja hadi asilimia 40. Kwa hiyo kama kopo lina chumvi na bado unataka ule uzito, chuja kwanza, kisha rudisha vijiko vinne tu vya yale maji na malizia kwa maji ya kawaida. Makopo yasiyotiwa chumvi ndiyo rahisi kuliko yote, kwani chumvi unaiamua mwenyewe mwishoni.

Kuna kopo moja ambalo halimo kwenye ulinganisho huu: maharage yaliyokwisha kuwekwa kwenye mchuzi mtamu wa nyanya. Sukari yake hushika chini ya sufuria upesi na haikubali viungo vingi. Lipashe moto, ule na mkate, basi.

Mchuzi wa nyanya

Huu ndio wa kuchagua ukiwa na nusu saa na ukitaka chakula cha kesho mchana kiwe tayari leo. Kazi yake yote iko kwenye dakika 15 za kwanza, kabla maharage hayajaingia.

Andaa kitunguu kimoja kikubwa kilichokatwa vipande vidogo, punje tatu za kitunguu saumu, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, vijiko viwili vya chakula vya rojo zito la nyanya, nyanya mbili zilizoiva zilizokatwakatwa (au nusu kopo la nyanya zilizokatwa), na kijiko kimoja cha chai cha binzari nyembamba iliyosagwa. Pilipili ni uamuzi wako.

Kaanga kitunguu kwa moto wa wastani pamoja na chumvi kidogo. Chumvi hukamua maji ya kitunguu, nacho hulainika kabla hakijaungua. Ngoja dakika 8, hadi kingo zianze kuwa na rangi ya dhahabu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kitunguu kikiwa cheupe bado wanamwaga nyanya, na tindikali ya nyanya inakizuia kulainika tena. Utakikuta kwenye sahani kikiwa kigumu, hata kama mchuzi umechemka nusu saa.

Tia kitunguu saumu, hesabu dakika moja. Tia binzari, hesabu nusu dakika. Kisha rojo la nyanya, ulikaange dakika mbili huku ukiligeuza, hadi rangi itoke kwenye wekundu unaong'aa iwe ya tofali. Ukiruka hatua hii mchuzi utabaki na ladha mbichi yenye kukaribia bati, na watu watadhani ni ladha ya kopo la maharage. Baada ya hapo tia nyanya zilizokatwa, acha zichemke dakika 5, mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni.

Sasa ndiyo zamu ya maharage, pamoja na nusu ya maji yake, kama mililita 80. Punguza moto, funika nusu, yaache yatokote dakika 8 hadi 10. Ponda vijiko viwili vya maharage kwenye ukingo wa sufuria kwa mgongo wa mwiko: mchuzi utashikana wenyewe. Zima moto, tia kipande kidogo cha siagi na matone ya limau. Limau huingia moto ukiwa umezimwa, kwani likichemka harufu yake hupotea na kinachobaki ni uchachu tu.

Mchuzi ukiwa mwembamba, mara nyingi ni kwamba ulifunika sufuria kabisa au ulitia maji yote ya kopo badala ya nusu. Fungua mfuniko, ongeza moto dakika tatu, ponda maharage machache zaidi. Usikimbilie unga wa ngano. Utafanya mchuzi uwe na ladha ya gundi.

Mchuzi ukiwa mkali kwa uchachu, sukari kidogo itauficha, lakini haiuondoi. Kinachouondoa ni magadi ya kupikia, yaani baikaboneti (baking soda): sehemu moja ya nane ya kijiko cha chai, si zaidi. Utaona povu, kisha ladha itatulia. Ikizidi kipimo hicho maganda ya maharage yanaanza kubambuka na mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni.

Halafu kuna lile lalamiko kwamba maharage yamebaki magumumagumu ingawa mchuzi umekolea. Sababu ni tindikali. Kinachoshikilia chembe za maharage pamoja ni pektini, na pektini haivunjiki kirahisi penye nyanya. Ikiwa kopo lina kalisi ndiyo kabisa. Ukiendelea kuchemsha utapoteza gesi bure. Anayependa maharage laini yanayomumunyuka ayachemshe kwanza peke yake kwenye maji yake ya kopo kwa dakika 10, moto mdogo, ndipo ayakutanishe na nyanya. Dakika hizo ni zile zile ambazo kitunguu kinakaangwa kwenye sufuria ya pili, kwa hiyo muda hauongezeki. Vyombo vya kuosha ndivyo vinavyoongezeka.

Usipikie mchuzi huu kwenye kikaango cha chuma cha kusubu. Nyanya hula ule utando wa mafuta uliokifunika kikaango, na chakula huchukua ladha ya chuma. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu.

Kama unahitaji mlo mzito zaidi, fanya vishimo vitatu kwenye mchuzi ukiwa umeshakuwa mzito, pasulia yai katika kila kimoja, funika dakika 5 hadi 6. Ute uwe mweupe, kiini kitikisike. Mchuzi ukiwa bado mwembamba mayai yatatawanyika, kwa hiyo subiri.

Kukaanga makavu

Kukaanga ni kwa jioni ambayo tayari una wali wa jana, mboga za majani au bakuli la mtindi, na unachokosa ni kitu cha kutafuna kwa mlio. Ndiyo njia isiyosamehe kuliko zote nne. Mchuzi unaweza kuuacha ukajibu simu, huku huwezi.

Adui ni maji. Chuja, suuza mpaka ute wote uondoke, tikisa chujio, kisha mwaga maharage juu ya kitambaa safi na uyaache dakika 5 hadi 10, ukiyapapasa taratibu. Ute ukibaki, wanga wake utaungana na kikaango na maganda yatabaki yamenata chini huku maharage yakiinuka uchi. Maji yakibaki, hutakaanga bali utapika kwa mvuke, na mafuta yatakurukia.

Chukua kikaango kipana, sentimita 28 au 30, hasa cha chuma cha kusubu. Pasha moto wa juu kidogo ya wastani, tia vijiko viwili vya chakula vya mafuta, kisha maharage yakae safu moja tu. Kopo moja kwa mkupuo mmoja. Makopo mawili kwenye kikaango kimoja ni kosa ambalo halina dawa zaidi ya kuyatoa nusu, kwa sababu mvuke unaotoka chini unanaswa na yaliyo juu.

Usiyaguse kwa dakika 3. Kisha tikisa kikaango, usikoroge kwa mwiko, maana ganda likishalainika huchanika kirahisi. Endelea dakika 5 hadi 7 zaidi, ukitikisa kila baada ya dakika. Yanapokuwa tayari mlio hubadilika: kutoka kuchachatika kwa sauti nzito hadi kugongana kama changarawe ndogo.

Yatapasuka. Unyevu ulionaswa kati ya ganda na nyama ya haragwe unageuka mvuke, na ganda halina njia nyingine. Ziba kwa chujio la waya lililogeuzwa, usitumie mfuniko. Mfuniko huurudisha mvuke ndani na kuharibu yote uliyoyakausha.

Viungo huingia dakika ya mwisho. Binzari na paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) huungua mapema, na kitunguu saumu kilichosagwa huwa kichungu ndani ya nusu dakika kwenye mafuta ya moto kiasi hiki. Chumvi itie mara tu unapoepua, mafuta yakiwa bado yanang'aa juu ya maganda, ili ishike.

Si kila haragwe linafaa. Meusi na mekundu madogo hukauka vizuri nje na kubaki laini ndani. Mekundu makubwa hupasuka katikati, lakini hayana ubaya. Ladha ni ile ile. Meupe yenye ganda jembamba huvunjika yakawa makombo. Ukiwa na meupe tu, ponda.

Oveni ni njia mbadala: nyuzi 200, trei moja, kijiko kimoja na nusu cha mafuta, dakika 25 hadi 30 na kutikisa mara moja katikati. Yanakauka zaidi hadi ndani na hayakurukii, ila muda unakaribia ule wa mchuzi, na faida ya haraka imepotea. Vyovyote utakavyofanya, ukavu huo hudumu kama dakika 10. Unyevu wa ndani ya haragwe hutoka polepole na kulainisha ganda. Kwa hiyo vitu vingine vyote viwe mezani kabla hujaepua.

Kuponda

Kwa mtu aliyechoka kweli, hii ndiyo ya kwanza. Sufuria moja, robo saa, na kinachotoka ni laini, cha moto, kinachokalia mkate au viazi vya kuchemsha bila kuhitaji mchuzi mwingine. Kwa kufariji tumbo inaishinda hata ya nyanya, na kwa sababu fulani ndiyo inayosahaulika.

Kata punje tatu za kitunguu saumu vipande vyembamba, uvitie kwenye vijiko vitatu vya chakula vya mafuta yakiwa bado baridi. Washa moto mdogo. Kuanzia kwenye baridi kunafanya ladha ihamie kwenye mafuta kabla kitunguu hakijaungua. Dakika 3 au 4 zinatosha, kinapoanza tu kuwa na rangi ya majani makavu. Mwaga maharage na maji yake yote. Kama kopo lina chumvi, tumia nusu ya maji ya kopo na nusu maji safi. Yachemke taratibu dakika 5 hadi 6, kisha ponda kwa uma au kiponda viazi, moto ukiwa mdogo kabisa. Acha theluthi moja ya maharage yakiwa mazima. Bila hayo unakula uji.

Epua kabla hayajafikia uzito unaoutaka. Wanga wa maharage hukaza unapopoa, na ndani ya dakika tano kwenye sahani yatakuwa mazito kuliko yalivyokuwa sufuriani. Yakishakaza sana, vijiko viwili vya maji ya moto vinayarudisha.

Yakiwa yanachemka mazito hurusha matone kama uji, na tone moja mkononi linatosha kukukumbusha kupunguza moto. Yakiwa hayana ladha, tatizo si viungo bali uchachu: nusu ya limau, kisha onja kabla hujaongeza chumvi. Maganda yakisumbua ulimi, hiyo ni kazi ya kalisi. Ongeza maji kidogo na dakika tano zaidi za moto mdogo kabla ya kuponda, au tia ile sehemu ya nane ya kijiko cha baikaboneti, kwani hapa hakuna nyanya ya kuipinga. Ukiitumia, limau lingoje hadi mwisho kabisa.

Maharage meupe hapa hayana mpinzani. Mekundu hufaa. Meusi hupondeka vizuri lakini rangi inakuwa ya kijivu yenye zambarau, nawe utahitaji kitu cha kijani juu ili macho yakubali.

Supu, kwa ufupi

Makopo mawili, maji ya kopo moja tu, mililita 600 za maji, kitunguu, karoti mbili na chochote kingine cha kukatwakatwa. Kaanga mboga dakika 8, tia vyote, chemsha dakika 15 hadi 20. Saga theluthi moja na uirudishe sufuriani. Ukitumia blenda, usijaze zaidi ya nusu na uache tundu la mfuniko wazi huku umelifunika kwa kitambaa, kwa kuwa mvuke wa supu ya moto hurusha mfuniko. Kosa lake kubwa ni moja: maji ya kopo yenye chumvi pamoja na kidonge cha supu. Chagua kimoja. Ni chakula kizuri cha watu watatu au wanne, lakini kwa mtu mmoja kuponda kunashinda kwa muda na kwa vyombo.

Ukiwa bado hujaamua

Tazama kilichopo. Kuna kopo la maharage meupe na mkate: ponda. Kuna mekundu na nyanya zinazoanza kulainika: mchuzi. Kuna meusi na wali wa jana: kaanga, kisha tia wali kwenye kikaango hicho hicho dakika mbili za mwisho. Ukiwa huna hata kitunguu, kuponda tena ndiko kunakobaki, maana kunakwenda na mafuta, chumvi na limau peke yake. Na kama kuna mtoto mdogo au mtu asiyependa maganda, usimpikie ya kukaanga.

Kopo lenyewe likaguliwe kabla ya yote. Lililovimba, linalovuja, lililobonyea kwenye mshono, au linalorusha maji kwa nguvu linapofunguliwa, litupwe bila kuonja. Bakteria wa botulinum huishi vizuri mahali pasipo hewa, na sumu yake huwezi kuitambua kwa macho wala kwa ladha. Kibonyeo kidogo ubavuni, mbali na mshono, hakina shida.

Yakibaki, yatoe kwenye kopo na uyaweke kwenye chombo chenye mfuniko ndani ya saa mbili. Kwenye friji yanakaa siku 3 hadi 4. Mchuzi na supu hugandishwa kwa miezi mitatu bila kupoteza kitu. Ya kukaanga usijaribu kuyagandisha. Yaliyobaki yatie kwenye mchuzi. Ya kuponda yapashe kwa moto mdogo na vijiko vitatu vya maji, ukikoroga tangu mwanzo, la sivyo ya chini yataungua ya juu yakiwa bado baridi.